Moshi Upande wa Kaskazini

Yarrapit
14 Januari 1985

Shangazi Thekla mpendwa,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Bi Maud wa posta husikiliza kila simu inayopita mikononi mwake, na jambo likishamfikia yeye limeshafika kanisani. Hili nataka ulisikie kwangu kwanza. Nimepata kazi niliyoiomba. Tangu mwezi huu mimi ndiye ninayepanga moto katika hifadhi yote inayopakana na mashamba yetu: wapi pachomwe, lini, na wapi paachwe. Wanaume wa kikosi cha moto wamenipokea kwa maneno. Mmoja ameniuliza kama nitawapikia chai moto ukishawaka. Nimemwambia nitapika, nao watainywa huku wameshika koleo.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu ni lazima tuchome ukanda karibu na uzio wenu. Majani ya nungu, yale magumu yenye ncha kama miiba, yamenenepa mpaka vichaka vyake vinagusana, magome yananing'inia kwenye mikalitusi kama matambara, na radi ikipiga jangwani siku ya upepo wa kaskazini, hakuna kitu kitakachosimama kati ya moto na jiko lako. Ukanda nilioupanga unapita juu ya Kale. Najua, Shangazi. Najua ndicho kipande pekee cha msitu ambacho hakijaungua tangu babu Traugott alipohamia huko na mikokoteni yake, na ndiyo maana nyumbani tumekiita hivyo. Lakini ndicho kilicho karibu zaidi na nyumba, na ndicho chenye vitu vingi vya kuungua.

Baba hajambo? Nimemwandikia mara nyingi tangu Pasaka ya mwaka juzi, hajibu hata neno. Kama bado ana kinyongo kwamba nilikataa shamba nikaenda kusoma, mwambie hasira ya muda mrefu hivyo humchosha hata mwenyewe. Au usimwambie. Mwambie tu namsalimu.

Wako,
Leonie


Kisima cha Petschel
22 Januari 1985

Leonie mwanangu,

Hongera sana. Hao wanaume wako wape muda, wataona wenyewe.

Leo nimekwenda Kale jua lilipokuwa bado changa. Wewe hujaingia huko tangu ukiwa msichana, kwa hiyo nikukumbushe. Ukishapita miti ya mwanzo upepo unakoma. Mashina yanatoka ardhini mengi kwa pamoja, yote ya kisiki kimoja kilichozikwa, na huko juu matawi yanakutana hata mwanga unashuka ukiwa umechujwa. Chini ni majani na magome makavu ya miaka na miaka. Unatembea na husikii hatua zako. Mara nyingine nikiwa humo nasahau nilikuwa naenda kuchukua nini, na sijali.

Lowani dume, yule ndege anayefukia mayai yake yapate joto, alikuwa kwenye tuta lake la mchanga. Alikuwa amefukua shimo katikati, ametumbukiza kichwa, anaonja joto kwa mdomo. Akatoa kichwa, akasimama. Alikuwa anafikiri, Leonie, usinicheke. Halafu akaanza kurudisha mchanga kwa miguu, kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mayai yako huko chini. Jike yuko mbali anakula mbegu, hana habari.

Ndege huyu hujenga joto lake kwa takataka za msitu mzee. Ukiichoma Kale, mikalitusi itachipua, hilo nalijua, visiki vyetu havifi kwa moto. Lakini takataka hazichipui. Zinadondoka jani moja moja, mpaka watu walioziona zikianza wamezikwa. Nakuomba uuhamishe ukanda wako. Sijakuomba kitu tangu uzaliwe.

Baba yako hajambo, ila mkono wake hautaki tena kalamu. Habari ya kazi yako imempendeza mno. Anakusalimu.

Shangazi yako,
Thekla


Kisima cha Petschel
23 Januari 1985

Dada Irma,

Nimedanganya tena, na safari hii nimemtumia ndege.

Wewe uko Adelaide na madaktari wako na tramu zako, na ni wewe peke yako niliyekwambia ukweli kuhusu kaka yetu, kwa hiyo uendelee kuubeba na mimi. Reinhold hamkumbuki tena Leonie akiwa mtu mzima. Nilimsomea barua yake jana. Alisikiliza vizuri, mikono magotini, kisha akasema mwandishi ana akili, ni mtoto wa nani? Nikasema ni wako. Akanicheka, akasema wake bado anasoma darasa la pili.

Humu ndani ananiuliza mlango uko wapi. Lakini Kale hapotei. Kila asubuhi anavaa kofia, anaruka uzio kwa shida zake, anakwenda kukaa juu ya gogo karibu na tuta la yule lowani. Njaa ikimshika anarudi mwenyewe, ametulia, anakula nyama yake ya kondoo na kunisimulia alichokifanya ndege. Siku ambazo nimemzuia amezunguka jikoni akimwita mama mpaka sauti ikamkauka.

Leonie akijua atampeleka kwenye nyumba ya wazee ya kanisa huko Yarrapit, ile ambayo madirisha yake yanatazama kituo cha petroli. Atafanya hivyo kwa mapenzi, ni mtoto mwema. Na akiichoma Kale itakuwa yale yale, maana kaka hana pengine pa kwenda. Nataka amalize siku zake mahali anapojua alipo. Hilo tu ndilo nililobaki kulitaka hapa duniani, Irma.

Mdogo wako,
Thekla


Adelaide
3 Februari 1985

Thekla,

Uzee wote huo na bado unaficha mambo kama ulivyokuwa ukificha keki ya mama chini ya mto, na asubuhi makombo yamekujaa masikioni. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Unafikiria kaka. Vizuri. Na mtoto je? Yeye anaamini baba yake amemnunia. Anaandika barua, anangoja posta, anarudi ndani. Mimi sikuzaa, lakini hata mimi naona hilo ni tendo baya kumtendea mtu. Hivi wewe unamlinda Reinhold, au unajilinda usibaki peke yako kwenye nyumba ile? Usinijibu. Jijibu mwenyewe ukiwa unaosha vyombo.

Mwambie. Usipomwambia nitamwambia mimi, na stempu ninayo.

Nimekutumia soksi za sufu kwa ajili yake. Zile za kijivu ni zako.

Irma


Yarrapit
11 Machi 1985

Shangazi mpendwa,

Umeshinda. Au ndege wako ameshinda, sijui ni nani nimpelekee hongera.

Wiki iliyopita nilikuja na vijana wawili kuipima Kale. Sikupita nyumbani, na sasa nitakwambia kwa nini. Tuliingia kwa upande wa juu. Nilikuwa na ramani mkononi na maneno mengi mdomoni, na baada ya mwendo mfupi nikajikuta nimenyamaza, na wale vijana nao wamenyamaza, ambao hawanyamazi hata kanisani. Mmoja alivua kofia bila kujua. Niligusa mashina na kujaribu kukisia umri wake, nikaacha. Nilihisi kama nimeingia katika usingizi wa mtu mwingine.

Na Baba alikuwepo. Amekaa juu ya gogo, mgongo umenyooka, anatazama tuta. Lowani alikuwa akifanya kazi karibu naye pasipo woga wowote. Nilisimama mahali ambapo angeniona. Akaniona. Akainua kofia yake kidogo, vile anavyomwinulia karani wa benki, kisha akarudisha macho kwa ndege. Baada ya miaka miwili, Shangazi. Nikageuka nikaondoka, na sikutaka uone uso wangu.

Hata hivyo nimeuhamisha ukanda. Utapita juu ya kile kilima cha mchanga, kaskazini ya Kale. Trekta zimeshaburuta mnyororo na kuvilaza vichaka vyote, sasa vinakauka. Tutachoma katikati ya Aprili, siku upepo wa kaskazini ukiwa mpole. Moto wa huku unahitaji upepo ili uruke kutoka kichaka hadi kichaka. Ukikosa kabisa, unafia ulipo. Nitakupigia simu siku hiyo, na Bi Maud atajua, hamna neno. Baba awe ndani.

Mwambie nimemuona. Akitaka kujibu, anajua ninapokaa.

Leonie


Kisima cha Petschel
2 Aprili 1985

Dada Irma,

Kale imepona. Leonie ameuhamisha ukanda wake hadi kilimani. Niliposoma nilikaa sakafuni na aproni yangu nikalia kama mtoto.

Stempu yako iache ikae. Nitamwambia mwenyewe, moto ukishapita. Yaliyomo katika barua yake kuhusu siku aliyomwona baba yake yananichoma, na swali lako nimelijibu kwenye vyombo, na jibu silipendi. Lakini nikimwambia sasa atakuja na gari kesho. Acha kwanza wachome, mvua inyeshe, kisha nitamketisha hapa na keki ya sukari ya unga juu, nimwambie yote.

Siku ya moto nitafunga mapazia ya upande wa kaskazini na kucheza naye karata. Siku hizi anacheza kwa sheria zake mwenyewe na daima anashinda.

Soksi zimemtosha. Anazivaa hata kwenye joto.

Thekla


Yarrapit
21 Aprili 1985

Shangazi Thekla,

Jana jikoni kwako sikuweza kusema. Nilikusikiliza mpaka ukamaliza yote, nikanywa chai, nikaondoka. Sasa nasema, na utanivumilia.

Kilimani sisi tulikuwa tumemaliza kuchoma. Kilima chote kimeungua vizuri, moshi unapungua, vijana wamekaa chini wanakula mikate yao. Ndipo nikaona moshi wa pili upande wa kusini, mahali ambapo sikuwasha. Ulikuwa mrefu, umenyooka sambamba na uzio wenu, na unazidi kurefuka. Nilijua papo hapo ni kazi ya mtu wa huku. Mgeni angewasha mahali pamoja akakimbia. Huyu alikuwa anaufuata uzio, anawasha, anatembea, anawasha, kama walivyofanya wanaume wetu wote. Ndivyo tulivyofundishwa: ukiona moshi kaskazini usiungoje. Washa wa kwako kutoka mpakani mwako, utambae polepole kuupinga upepo, ili ule wa jangwani ukifika ukute sahani tupu.

Ulisema ulitoka tu kuanua nguo. Baba alichungulia nje ya pazia, akauona moshi wangu, akachukua kiberiti cha jiko. Sikulaumu kwa hilo. Yeyote wa huku angefanya alivyofanya yeye, na alifanya vizuri. Kama upepo ungebaki wa kaskazini, kingeungua kipande chembamba tu na tungekizima. Lakini ulikatika mapema, ukaanza kuvuma kutoka kusini-magharibi, na moto wake uliokuwa unatambaa ukasimama kwa miguu miwili. Kale yote ilikwenda kabla hatujageuza gari. Moto ulikuja ukagonga ukanda wangu uliokwisha kuungua, ukazimika hapo. Niliihifadhi kwa kalamu, na Baba akaichoma kwa kiberiti, na kila mmoja wetu alikuwa anaiokoa nyumba yako.

Nilimkuta kwenye shamba lililolimwa, uso mweusi kwa masizi, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alinivulia kofia.

“Nyumba imepona, binti,” akasema. “Asante kwa kuleta maji. Sasa nikutume. Ukirudi mjini, kuna msichana wangu anaitwa Leonie, yuko shuleni. Mwambie asije leo. Moshi huu utamkaba, kifua chake hakiwezi.”

Nikamwambia nitamwambia.

Miaka miwili, Shangazi. Nimelala nikiamini kwamba baba yangu hanitaki. Nilipangua maneno niliyomwambia siku nilipoondoka, nikayapanga upya, nikatafuta lililomuumiza. Wewe ulijua. Uliniandikia juu ya ndege, tena kwa uzuri, na mimi nilikuwa naomba habari za baba.

Umesema Kale ndiyo iliyokuwa ikimtuliza, ndiyo maana ulinificha. Nakuamini. Lakini sasa ni majivu, kwa hiyo sababu yako nayo imekwisha. Nimepata kitanda kwenye nyumba ya wazee. Nitakuja kumchukua mwanzoni mwa Juni.

Leonie


Kisima cha Petschel
29 Aprili 1985

Leonie mwanangu,

Kila neno uliloandika ni haki yako, na nimelisoma kwa kusimama. Nisamehe. Siandiki hili ili unionee huruma, naandika kwa sababu sitapata nafasi nyingine ya kulisema kabla hujafika.

Njoo umchukue. Nimepasi mashati yake na kumshonea jina kwenye kola, kama walivyoagiza. Sitakuzuia mlangoni.

Ila kuna jambo sijui nikuelezeje. Bado anakwenda. Kila asubuhi anavaa kofia, anaruka uzio, anaingia kwenye ule weusi. Anarudi saa za chakula na soksi zimejaa majivu, ametulia vile vile, anakula vile vile. Mimi sijamfuata. Naogopa kuuona uso wake akiwa huko. Usiku nasikia harufu ya moshi kwenye mto wangu na kusikia takataka zikiparuliwa na yule lowani, krr, krr, ambazo hazipo tena, na nikiamka sijui ni nani kati yetu aliyepotelewa na akili.

Njoo kabla hajatoka, au umngoje arudi. Tafadhali usimwite akiwa huko ndani ya Kale.

Thekla


Kisima cha Petschel
9 Juni 1985

Shangazi Irma,

Nimeambiwa ulitishia kuniandikia na stempu ulikuwa nayo. Ungeibandika. Hata hivyo asante kwa kuwa upande wangu bila mimi kujua.

Nakuandikia kutoka jikoni kwa Shangazi Thekla. Yeye amelala. Tulipigana kwa maneno siku mbili na siku ya tatu tukachoka, akakata keki. Najua unangoja habari za kaka yako, kwa hiyo nisikuzungushe.

Nilifika wiki iliyopita kumchukua. Sanduku lilikuwa mlangoni. Lakini nilichelewa njiani kwa sababu ya tope, maana mvua imenyesha huku hatimaye, na nilipofika alikuwa ameshatoka. Shangazi akasema ningoje. Mimi sikungoja. Nilivaa buti, nikamfuata.

Sijui nilitegemea nini. Kazi yangu ni moto, mahali palipoungua sipaogopi. Mashina yalisimama meusi, membamba, na kwa kuwa juu hapakuwa na majani, anga lote lilishuka mpaka chini. Kulikuwa na ukungu. Majivu yalikuwa yamelowa na hatua zangu zilikuwa hazisikiki. Kwenye kila kisiki kilichozikwa vilikuwa vimetoka vichipukizi vyekundu, laini, virefu kama kidole. Mikalitusi imeshaanza upya, haikuuliza mtu. Lowani hayupo. Jirani alimwona akivuka shamba la ngano akielekea magharibi, na nimewaambia vijana wangu wasimtafute. Hawezi kujenga hapa mpaka mimi niwe bibi kizee, kama hata hivyo atarudi. Siwezi kukupambia hilo.

Baba alikuwa amekaa chini, mahali gogo lilipokuwa. Mbele yake tuta la mchanga lilikuwa tupu. Nilipokaribia, fimbo iliyoungua ikavunjika chini ya mguu wangu. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaniashiria nipunguze kelele.

Nikakaa karibu naye. Alikuwa anatazama juu ya tuta, na macho yake yalikuwa yakifuata kitu. Yanakwenda kushoto, yanarudi kulia, yanasimama. Nilitazama mahali alipotazama. Shangazi, nilitazama kwa muda mrefu sana, mpaka nikaanza kuona aibu kwamba sioni. Nilikuwa nimekuja kumtoa mahali palipokufa, na yeye hakuwa mahali hapo hata kidogo. Alikuwa Kale. Kwenye dirisha linalotazama kituo cha petroli angeipata wapi?

Baadaye aligeuka akanitazama kwa adabu.

“Wewe ni wa nani?” akauliza.

Ni swali la huku, unalijua, tunaulizwa wote tangu utotoni.

“Wa Petschel,” nikasema.

“Petschel yupi?”

“Reinhold.”

Akalifikiria jina lile. Alilifikiria kwa bidii, paji la uso limekunjamana, nami nikashika pumzi kama mjinga.

“Simfahamu,” akasema. “Lakini kama ni wa huku, mtu mzuri. Kaa, binti. Una baridi? Sogea huku.”

Akavua koti lake akanifunika nalo.

Kitanda cha mjini nimekiachia mzee mwingine. Nguo zangu ziko kwenye chumba cha mbele, na kazini nitakuwa nakwenda kutoka hapa. Ni mbali, lakini barabara ni nyoofu. Asubuhi, nikiwa sina zamu, namfuata. Kila siku ananiuliza mimi ni wa nani, na kila siku namjibu, na kila siku ananiambia nikae.

Mtoto wa kaka yako,
Leonie